Kituo Kinarusha, Lakini Kipindi ni cha Nani?

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilikuwa nimejibanza kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira pale Kirumba, hapa Mwanza. Sikupelekwa na mapenzi ya mpira. Fundi wangu wa sauti hapokei simu siku ambayo Yanga inacheza, na njia pekee ya kumpata ni kumfuata alipo. Mwenye kibanda, kijana anayefahamu kwamba kazi yangu ni kutengeneza vipindi vya televisheni, aliniamkia, akanitafutia kiti kisichoyumba, kisha akaniuliza huku macho yake yakibaki kwenye skrini: "Mama, hivi hii ligi ni mali ya Azam?" Nikamweleza kwamba ligi iko chini ya shirikisho la mpira, TFF, na kwamba Azam Media ilinunua haki ya kuirusha kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6, uliosainiwa 2021. Alikaa kimya mpaka mpira ulipotoka nje, ndipo akasema: "Kumbe na wao wamepanga tu, kama mimi hapa."

Kibanda kile si chake. Kila mwisho wa mwezi hupeleka kodi kwa mama mmoja wa Pasiansi. Nimehudhuria semina nyingi za utangazaji, nyingine za siku tatu na posho juu, na hakuna mkufunzi aliyewahi kulieleza jambo hili kwa ufupi kama alivyolieleza yule kijana. Kituo cha televisheni, kwa sehemu kubwa ya yale kinayoyarusha, ni mpangaji. Mimi nililielewa hilo baada ya kupoteza kazi niliyoipenda kuliko zote, na ninaandika makala hii kwa ajili ya vijana wa Mwanza, Bukoba, Musoma na Geita ambao siku hizi wananifuata na kamera zao begani wakitaka niwaelekeze namna ya "kuuza kipindi". Ushauri wangu wa kwanza kwao ni kwamba waache kwanza kutumia neno kuuza mpaka wajue wanachokiuza.

Mwaka 2015 nilitengeneza tamthilia ya sehemu 13 kuhusu kambi ya wavuvi wa dagaa. Tulipiga picha Igombe na kisiwani Ukerewe kwa muda wa wiki saba, na ratiba yetu yote ilifuata mwezi, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na sisi tukabaki nao tukila akiba yetu ya chakula. Niliuza kiwanja changu cha Buswelu ili kuimaliza. Gharama zote zilifika milioni 17. Kituo kimoja kilipoiona kiliniita, kikanipa karatasi mbili na kalamu, na bei ya milioni moja na nusu kwa kila sehemu, yaani milioni 19 na nusu kwa zote. Nilipiga hesabu palepale kwenye meza ya mapokezi, nikaona nimepata faida ya milioni mbili na nusu, nikasaini. Katika ukurasa wa pili palikuwa na sentensi ambayo leo ninaikariri kama sala: mtayarishaji anakihamishia kituo haki zote za kazi hii, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, duniani kote, bila ukomo wa muda.

Tamthilia ilirushwa, watu wakaipenda, ikarudiwa. Ikarudiwa tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine. Kisha binamu yangu anayeishi Kisumu alinipigia simu jioni moja kunipongeza kwa kuwa ameiona katika chaneli ya kwao. Miezi michache baadaye nilikuwa ndani ya basi la kwenda Dodoma, na tulipoipita Shinyanga kondakta akaweka flashi kwenye televisheni ya basi. Nikaona ziwa, nikaona mtumbwi wetu, na nembo ya kituo kile ikiwa imekaa juu kwenye kona. Abiria niliyekaa naye alicheka mahali palepale nilipokuwa nimekusudia watu wacheke. Sikumwambia kitu. Kwa safari zote hizo za kazi yangu, kutoka ile milioni 19 na nusu ya mwanzo hakuna hata shilingi mia iliyoongezeka, wala sikuwa na haki ya kuidai, kwa sababu kituo hakikuniibia. Kilifanya yale niliyokiruhusu kwa saini yangu mwenyewe.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa Igombe, ambaye katika tamthilia ile aliigiza kama kiongozi wa kambi na ambaye maishani mwake alikuwa fundi wa mitumbwi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Mwanangu, umeuza sangara na bondo lake." Wanaoishi ufukweni hawahitaji maelezo zaidi. Kwa wengine, bondo ni kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Zamani kilikuwa kitu cha kutupwa pamoja na matumbo, lakini tangu wanunuzi wa kupeleka Hong Kong na China walipoanza kulitafuta bondo la sangara, kilo ya bondo huzidi mbali kilo ya minofu kwa bei. Mvuvi anayekabidhi sangara mzima mwaloni kwa bei ya nyama anaondoka akiwa na fedha mkononi na haoni kasoro. Bondo linakuwa la yule aliyepasua tumbo.

Sasa tuulize swali lenyewe: kama umiliki una faida kiasi hicho, kwa nini kituo chenye studio, mnara na wanasheria kinarusha vipindi visivyo vyake? Jibu la kwanza ni njaa. Wiki ina saa 168, na kituo kinachorusha usiku na mchana kinapaswa kuzijaza zote, iwe Jumatatu ya kawaida au sikukuu. Hakuna kituo ninachokijua chenye watu, vifaa na mawazo ya kutosha kutengeneza chenyewe saa zote hizo, kwa hiyo hutengeneza taarifa ya habari na mijadala, ambavyo ndivyo sura yake, na mengine hununua haki ya kuyarusha. Hapa kwetu mfano uko mlangoni: kuanzia 2012 watazamaji wa Star TV, kituo chenye makao yake hapahapa Mwanza, walikuwa wakitazama Dira ya Dunia, kipindi kilichoandaliwa na BBC na kikabaki kuwa cha BBC. Mtazamaji alibonyeza namba ileile, akaona nembo ya kituo alichokizoea, na hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba mwenye mali yuko London.

Jibu la pili, ambalo ndilo lenye uzito, ni hatari. Vipindi vingi vinavyoanzishwa havipendwi na watu, na hakuna anayeweza kujua mapema ni kipi kitapendwa. Kwa hiyo katika nchi zenye biashara kubwa ya televisheni, hasa Marekani, ulizoeleka utaratibu ambapo kituo hulipa ada ya kurusha kipindi mara kadhaa, na ada hiyo mara nyingi ni ndogo kuliko gharama ya kukitengeneza. Pengo linalobaki hubebwa na kampuni ya utayarishaji. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu. Inabeba pengo kwa sababu imebaki na mali, na kipindi kikipendwa itakikodisha upya kwa vituo vingine, kwa nchi nyingine, na siku hizi kwa huduma za intaneti. Ndiyo maana watayarishaji wa Marekani kwa miaka mingi walizungumzia sehemu 100 kana kwamba ni mstari wa kumalizia mbio: kituo kinachotaka kurusha marudio siku tano kwa wiki kinapata wiki 20 kamili bila kurudia hata sehemu moja, na hapo ndipo fedha za kweli zilipoanza kuingia. Friends ilitengenezwa na Warner Bros. na kurushwa na NBC kuanzia 1994 hadi 2004, jumla ya sehemu 236. Waliozitazama wengi wanaijua kama tamthilia ya NBC, lakini mwenye kuikodisha tangu hapo hadi leo ni Warner.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha zamani kuliko hicho. Mwaka 1951 CBS ilitaka kuanza kurusha I Love Lucy ya Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz. Wakati ule vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na watu wa pwani ya magharibi walionyeshwa nakala iliyopigwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni, picha yake ikiwa na ukungu kama wa ziwa alfajiri. Wawili hao hawakutaka kuhama Hollywood, wakapendekeza kupiga kila sehemu kwa filamu halisi, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Filamu iliongeza gharama, na walioshika mfuko wakanung'unika. Basi wakakubali kupunguziwa malipo yao, kwa sharti kwamba filamu hizo ziwe mali ya kampuni yao, Desilu. Wenye kituo hawakuona shida, kwa maana nani angetaka kutazama kichekesho alichokwisha kukitazama? Kumbe watu walitaka, tena mara nyingi. Miaka michache baadaye CBS iliwalipa mamilioni ya dola ili kuzipata sehemu zilezile ilizokuwa imezirusha yenyewe, na Desilu ikaendelea kukua, ikanunua studio za RKO mwaka 1957, na mwaka 1966 ilikuwa ikitengeneza Star Trek kwa ajili ya NBC na Mission: Impossible kwa ajili ya CBS kwa wakati mmoja. Kila ninapokisoma kisa hiki huwa ninaikumbuka ile meza ya mapokezi. Lucille Ball na mumewe walipunguza fedha za leo ili wabaki na mali. Mimi nilitoa mali yote ili niongezewe milioni mbili na nusu.

Sheria nayo ina mkono wake. Mwaka 1970 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni zilizoizuia mitandao mikubwa mitatu ya televisheni ya wakati huo, yaani ABC, CBS na NBC, kujipatia umiliki na faida za marudio katika vipindi ilivyonunua kwa watayarishaji wengine. Tume iliona kwamba mwenye mlango wa pekee wa kuwafikia watazamaji angeweza kumwambia kila mtayarishaji: nipe umiliki, la sivyo hupiti. Kanuni hizo zililegezwa 1991, sehemu kubwa ikaondolewa 1993, na 1995 zikafikia ukomo wake, na tangu hapo mitandao mingi imekuwa ikirusha vipindi vya kampuni ndugu zaidi kuliko zamani. Hata hivyo mchanganyiko haujaisha, na wakati mwingine unachekesha. Brooklyn Nine-Nine ilitengenezwa na Universal, ambayo ni ya familia moja na NBC, lakini kwa misimu mitano ikarushwa na Fox. Fox walipoikatisha mwezi Mei 2018, NBC waliichukua mara moja, kama mzazi anayemrudisha nyumbani mtoto aliyekuwa akilelewa kwa shangazi. The Simpsons nayo inaendelea kurushwa na Fox kama ilivyokuwa tangu 1989, ingawa tangu Disney iinunue kampuni ya 21st Century Fox mwaka 2019 na kuuacha mtandao wa Fox nje ya ununuzi huo, mwenye tamthilia ni Disney.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Channel 4 ilipoanza 1982 iliundwa iwe kituo kinachoagiza vipindi kutoka kwa watayarishaji wa nje badala ya kuvitengeneza, na sheria ya mawasiliano ya 2003 iliweka msingi wa makubaliano ambayo kwayo mtayarishaji huru hubaki na haki zake na kukipa kituo leseni tu. Matokeo yake yalionekana wazi kwenye mashindano ya kuoka keki, The Great British Bake Off. BBC ilikirusha kipindi hicho kwa misimu saba, 2010 hadi 2016, ikakikuza kutoka chaneli yake ya pili hadi ya kwanza, kikawa gumzo la nchi nzima. Lakini mali ilikuwa ya Love Productions, na mwaka 2016 walikubaliana na Channel 4, hema likahama na oveni zake, na kuanzia 2017 likasimama kwa mpangaji mpya. Mary Berry, jaji aliyependwa sana, hakufuatana nalo. BBC ilibaki na sifa ya kukilea kipindi kile, na sifa haiwezi kurushwa hewani saa mbili usiku.

Kuna kitu kingine kinachokodishwa ambacho vijana wengi hawakioni kabisa, nacho ni muundo wa kipindi, yaani kanuni zake, mpangilio wake, na namna mshindi anavyopatikana. Watanzania tulishangilia Richard Bezuidenhout aliposhinda Big Brother Africa mwaka 2007 na Idris Sultan aliposhinda 2014, na wengi wetu tulisema ni kipindi cha M-Net. M-Net walikuwa wamepewa leseni. Muundo ulizaliwa Uholanzi mwaka 1999 katika kampuni ya Endemol, ikaukodisha nchi baada ya nchi, kila mahali na nyumba yake, lugha yake na ugomvi wake. Kwa hiyo ukienda kituoni na wazo la mashindano, usiende na maneno matupu. Liandike, litengenezee sehemu moja ya mfano, weka tarehe, kisha ndipo uende.

Turudi nyumbani, kwa sababu hali ya hapa ina mambo yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara tulisubiri hadi 1994, na kwa miaka ya mwanzo kituo ndicho kilichokuwa na kamera, taa, chumba cha kuhariria na mnara, hivyo ilikuwa kawaida kudhani kwamba kila kinachoonekana ni chake. Siku hizi kamera inaingia kwenye mkoba, lakini dhana ile bado ipo, hata kwa watayarishaji wenyewe, na vituo vingine havina haraka ya kuirekebisha. Aidha, kwetu mara nyingi fedha hutembea kinyume: kituo hakikulipi, bali wewe ndiye unayenunua muda wa hewani, kisha unatafuta wadhamini wa kukurudishia gharama. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya pili mdhamini alijiondoa baada ya sehemu ya sita na mimi nikabaki ninadaiwa nusu saa saba ambazo nilikuwa nimekwisha kuziahidi. Utaratibu huo si mbaya kwa asili yake; Mediae ya Kenya imekiendesha Shamba Shape Up, kipindi cha wakulima kinachorushwa na Citizen TV tangu 2012, kwa fedha za mashirika na kampuni zinazotaka kuwafikia wakulima, na kipindi kimebaki kuwa chao. Ubaya unakuja pale unapolipia muda wa hewani kisha ukasaini karatasi inayokihamishia kituo umiliki juu yake. Nimeziona karatasi za namna hiyo kwa macho yangu, mbili zikiwa zimeletwa na vijana waliokwisha kuzisaini.

Tofautisha pia kazi uliyoagizwa na kazi uliyoibuni. Kituo kikikuita, kikakupa wazo, kikalipa gharama zote tangu nauli ya kivuko mpaka chakula cha waigizaji, ni haki yake kudai umiliki, kwa sababu hatari yote kimeibeba chenyewe, na wewe uwe umelipwa ujira mzuri wa fundi. Lakini kama wewe ndiye uliyeuza kiwanja, hatari ni yako, na mali inapaswa ifuate hatari.

Mwaka 2019 nilijaribu njia nyingine. Nilitengeneza vipindi vinane kuhusu mafundi wa mitumbwi wa Ukerewe na Ukara, vikanigharimu milioni tisa. Safari hii nilikwenda na wakili, binti wa jirani yangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemaliza masomo na akakubali kulipwa kidogo kidogo, na kituo kilipoleta karatasi yake tuliomba turudi nayo nyumbani. Neno "anakihamishia" tulilikata, tukaandika "anakipa leseni". Tulikubaliana kwamba leseni ni ya miaka miwili, kwa kurusha mara tatu tu, ndani ya Tanzania, kwenye televisheni na si kwenye intaneti, na kwamba muda ukiisha haki zote zinarudi kwangu bila mimi kuandika barua yoyote. Kituo kilishusha bei, kama ilivyotarajiwa: laki sita kwa kila kipindi, milioni nne na laki nane kwa vyote. Nilitoka mle ndani nikiwa na pengo la zaidi ya milioni nne, na ninakiri kwamba usiku ule nilijuta. Miaka miwili ilipoisha kituo cha pili kilivichukua kwa laki tano kwa kila kimoja, kisha taasisi moja ya mafunzo ikalipa milioni tatu ili ivitumie darasani. Jumla ni milioni 11 na laki nane, faida ni milioni mbili na laki nane, na vipindi bado viko kabatini kwangu, vinaweza kutoka tena kesho.

Wepesi wa hesabu watasema kwamba tofauti na faida ya kwanza ni laki tatu tu, nayo imechukua miaka minne. Ni kweli, na ada ya shule haisubiri miaka minne. Ndiyo maana sitamlaumu mtu aliyeamua kuuza moja kwa moja kwa kuwa ana shida, mradi ajue kwamba anauza pamoja na bondo na aliweke bondo kwenye bei. Kama kituo kinataka haki zote duniani milele, bei yake haiwezi kuwa sawa na ya kurusha mara tatu Tanzania. Taja bei mbili mezani, moja ya leseni na moja ya umiliki, uwaache wachague. Nimeona mara kadhaa jinsi dai la "haki zote" linavyoyeyuka mara linapowekewa bei.

Kuna makosa ambayo mkataba mzuri hauyatibu, na hili la muziki ndilo lililoniumbua. Katika kipindi cha tatu cha wale mafundi nilikuwa nimeweka wimbo mmoja maarufu wa Bongo Fleva, dakika moja na nusu hivi, kwa kuwa fundi mmoja alikuwa akiupiga kwenye redio yake huku anaranda ubao. Kituo cha kwanza hakikuuliza. Cha pili kiliuliza swali moja: "Hati za muziki ziko wapi?" Nikawa sina. Nilikirudisha kipindi kwenye meza ya kuhariria, nikauondoa wimbo na pamoja nao sauti yote ya randa, kwa sababu vilikuwa vimerekodiwa kwa pamoja, na ikabidi nirudi Ukara kurekodi upya randa ikipita juu ya ubao. Siku hizi sianzi kupiga picha bila karatasi ya ridhaa ya kila anayeonekana na kila anayesikika, na mahali pa kusaini tunapaonyesha kwa kidole, kwa sababu wengine husaini kwa heshima tu bila kusoma, kama nilivyofanya mimi.

Kuhusu sheria yetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi yako tangu unapoitengeneza, na kwa kazi za picha na sauti ulinzi huo ni wa miaka 50, muda wa kutosha hata wajukuu kuufaidi. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakukupi haki ambayo hukuwa nayo, lakini kunakupa cheti chenye tarehe, na siku ya ubishi cheti chenye tarehe kina sauti kubwa kuliko mashahidi watano wa Igombe. Sajili kabla hujakionyesha kipindi kwa mtu yeyote mwenye mnara.

La mwisho ni nakala za asili. Andika kwenye mkataba kwamba kituo kinapewa nakala ya kurushia tu, na zile picha zako za awali, zote, hata zile mbovu, zikae kwako kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti. Katika mkataba wangu wa 2015 nilikuwa nimekubali kukabidhi kila kitu, na nikakabidhi diski zenyewe kwenye boksi la viatu.

Yule mzee wa Igombe alifariki 2022. Kabla ya arobaini binti yake alinijia, akaniomba familia ipate kumwona tena baba yao akiwa kambini. Nilikiandikia kituo barua kuomba nakala, na baada ya wiki tatu nikajibiwa kwa ustaarabu kabisa kwamba diski zile zilishafutwa na kutumiwa kwa kazi nyingine. Nilipekua nyumba nzima nikapata flashi moja yenye sehemu ya tisa peke yake, ile ya majaribio, ambayo ina namba za kuhariria chini ya picha. Tuliionyesha usiku ule kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya miembe miwili, mzee amesimama kwenye ngalawa akiwagombeza vijana wake kwa sababu ya taa iliyozimika, na namba zile zikikimbia chini ya kidevu chake tangu mwanzo hadi mwisho. Mjukuu wake mmoja aliniuliza kama ni namba ya simu.